Gitaa la Queen lilitoka mekoni

Mhariri,

Queen, bendi ya roki ya Uingereza, wakitajwa hapa Lamu, mazungumzo huishia kwa mwimbaji wao Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja 1946. Sawa, ni wa pwani yetu. Lakini mafundi wa milango wangefurahia zaidi gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao.

Alianza kuliunda na babake 1963. Shingo ilichongwa kwa mkangazi wa rafu ya juu ya meko kuukuu, mbao iliyokwisha kubunguliwa. Matundu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Springi mbili za vali za pikipiki ya Panther huvutana na nyuzi. Mkono wa kuyumbishia sauti ni chuma cha kushikilia mkoba wa baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia. Pikapu tatu za kampuni ya Burns, yaani vinasa mtetemo wa nyuzi, ndizo zilizonunuliwa, nazo zilipiga miluzi mpaka koili zikajazwa gundi ya Araldite zisitikisike. Tena May hupiga nyuzi kwa sarafu ya Kiingereza ya peni sita, si kwa kipande cha plastiki. Ukingo wake wenye meno hukwaruza uzi.

Kuhusu wimbo wao "Bohemian Rhapsody" wa 1975: kwaya inayosikika humo ni watu watatu tu, Mercury, May na mpiga ngoma Roger Taylor. Mashine ya kurekodi ilikuwa na njia 24 tu za sauti kwenye utepe, kwa hiyo sauti zilirundikwa, zikahamishiwa njia chache, kisha zikaongezwa nyingine. Kila mzunguko utepe ulisuguliwa na vichwa vya mashine, unga wa chuma ukapukutika, hata ukawa unapitisha mwanga.

Wapenzi wa gitaa,
Mkomani, Lamu