Dada yangu ameniorodhesha miongoni mwa wadai wake

Shangazi,

Salamu za heshima. Ninakuandikia alfajiri, watu wa nyumba hii wakiwa bado wamelala, kwa sababu tangu nilipoisoma ile barua sijapata usingizi wa maana, na sina mtu ninayeweza kumweleza jambo hili bila kulisikia likirudi kwangu sokoni siku ya pili yake.

Unatufahamu sisi wa Busia. Mtu huzaliwa upande huu, akaolewa upande ule, na bado akawahi chakula cha jioni kwa mama yake. Dada yangu mkubwa aliolewa Kenya, nami nikabaki huku Uganda na biashara yangu ya mukene, wale dagaa wa ziwani. Duka lake lilipoanza kuyumba aliniomba nimpelekee mzigo kwa mali kauli, auze kwanza kisha alipe, nami nikampelekea. Ningemnyima vipi? Ndiye aliyenilipia karo ya sekondari, na mama hachoki kunikumbusha hivyo. Deni likapanda kidogo kidogo hadi likafika shilingi 300,000 za Kenya, ambazo kwa fedha zetu zinapita milioni nane. Mtaji wa kubeba mzigo huo sikuwa nao, kwa hiyo nilikopa shilingi milioni saba kwa mkopeshaji hapa mjini, na sahihi iliyopo katika mkataba ule ni yangu peke yangu.

Sasa imenifikia barua kutoka ofisi ya serikali ya Kenya inayosimamia mambo ya ufilisi, ikiniarifu kwamba dada yangu ameomba kuingizwa katika utaratibu wa wadaiwa wasio na mali, na kwamba mimi ni mmoja wa anaodaiwa nao. Shangazi, nimeandikwa wa nne. Juu yangu kuna kampuni inayokopesha kwa simu, muuza unga wa jumla, na chama chao cha akiba. Kisha ndipo linapokuja jina langu, majina yote matatu, kama mtu ambaye hakuwahi kulala naye kitanda kimoja utotoni. Kuomba msamaha wa madeni si kosa, na mimi si mtu wa kumwombea ndugu yangu dhiki. Lakini tulikuwa pamoja kwa mama Jumapili iliyotangulia, tukapika pamoja, akanisimulia habari za majirani hadi jioni, na jambo hili hakulitaja hata kidogo.

Nilikwenda kumwona wakili mmoja kijana, ambaye huja sokoni kuwasaidia wafanyabiashara kuandika mikataba, anielezee maana yake. Alinieleza kwamba Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 imeweka mlango kwa mtu wa kipato cha chini ambaye hata akifilisiwa hakuna cha kuuza. Ili apite, madeni yake yote kwa jumla yasipungue shilingi 100,000 za Kenya wala yasizidi milioni 4; asiwe na mali inayoweza kuuzwa ili kuwalipa wadai; asiwe amewahi kutumia utaratibu huo, wala kutangazwa muflisi; na kipimo cha uwezo wake kioneshe kwamba hana hata kidogo cha kulipia. Akikubaliwa, wadai hatuna ruhusa tena ya kumfuata, na baada ya miezi 12 madeni yale yanafutwa pamoja na riba. Yangu nayo yatafutwa. Nilimuuliza mara mbili kama sheria haimtofautishi ndugu na kampuni, akanijibu kwamba mdai ni mdai.

Basi nikauliza, kama yeye amefunguliwa mlango huo, mimi wangu uko wapi? Mkopo wangu ulitokana na deni lake. Wakili akatikisa kichwa. Huku kwetu tunayo Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011, ambayo ilianza kutumika mwaka 2013, lakini haina utaratibu kama ule wa asiye na mali. Nilichonacho mimi ni njia mbili. Ya kwanza ni kuiomba mahakama amri ya kunilinda kwa muda mfupi huku nikitafuta mapatano na wadai wangu, na hapo anahitajika mtaalamu wa ufilisi, ambaye naye ni wa kulipwa, na wadai wenyewe wanapaswa kuyakubali mapatano hayo. Ya pili ni kuomba nitangazwe muflisi, nitoe orodha ya kila nilicho nacho na kila ninachodaiwa, kisha jambo hilo litangazwe hadharani kila mtu asome. Aliniambia pia kwamba muflisi ambaye hajaondolewa hali hiyo hawezi kugombea ubunge, Katiba inamzuia. Ubunge sina haja nao. Ninachojiuliza ni iwapo kuna mtu atakayenipa hata gunia moja la mukene kwa mkopo baada ya tangazo hilo.

Kwa hiyo sheria inamwona dada yangu kuwa maskini vya kutosha kusamehewa, nami ninayemdai, ambaye sijapata viatu vipya tangu mwaka jana, kibanda changu, mizani na baiskeli ya kubebea mzigo vinanifanya nionekane mtu wa kuweza kulipa.

Kuhusu mkopeshaji, usidhani nilikopa ovyo. Nilisoma mkataba wote. Ananitoza asilimia 10 kwa mwezi, na kitambulisho changu cha taifa kimo kwenye droo yake. Wakili amenifahamisha kwamba yote mawili hayaruhusiwi: tangu tangazo la mwaka 2024 mkopeshaji wa aina yake hapaswi kuzidisha asilimia 2.8 kwa mwezi, na kitambulisho cha mtu si rehani. Ameniambia nipeleke malalamiko kwa mamlaka inayosimamia taasisi za mikopo midogo. Huenda nikapeleka. Lakini malalamiko hayo yatapunguza riba, na deni la mtaji niliochukua litabaki juu yangu, kwa sababu aliyenipotezea yuko ng'ambo ya mpaka akisubiri miezi yake 12. Mkopeshaji naye anasema atakwenda katika mahakama ya madai madogo, ambako dai lisilozidi shilingi milioni 10 husikilizwa bila wakili, na ananitisha kwa jela ya wadaiwa, ambako mtu anaweza kukaa hadi miezi sita, kisha atoke na deni likiwa palepale. Mume wangu anajua kwamba nilikopa, ila kiasi halisi hakijui, na sioni faida ya kumwongezea shinikizo la damu.

Kuna jambo jingine. Katika orodha ile dada yangu ameandika kwamba hana mali. Mimi nimewaona ng'ombe watatu wa maziwa kwa mama mkwe wake, na nilikuwapo siku aliponunua wawili kati yao, kwa fedha ambazo nina hakika zilitoka katika mauzo ya mukene wangu. Shemeji anasema ni ng'ombe wa mama yake tangu mwanzo. Maziwa yanauzwa kila asubuhi na anayepokea fedha ni dada. Wakili amenieleza kwamba mdai anaweza kuiandikia ofisi ile, na ikithibitika kwamba mwombaji ameficha mali basi hastahili, na hata akiwa amekwisha kukubaliwa anaweza kuondolewa.

Sitaki kumshtaki dada yangu. Ningalitaka, barua ingekuwa imekwisha kuandikwa, maana karatasi ninazo. Ninachotaka ni anilipe. Wala si lazima anilipe zote. Angalikuja akaniambia kwa kinywa chake kwamba ameshindwa, huenda nami ningemwambia basi, tuache. Lakini aliandika jina langu chini ya la muuza unga, akaiachia ofisi ya serikali inipe habari. Na wale ng'ombe wapo, Shangazi, hilo sikulitunga kwa hasira.

Je, niitaarifu ofisi ile kuhusu ng'ombe, nikijua kwamba wakiuzwa fedha zitagawanywa kwa wadai wote na mimi huenda nikapata sehemu ndogo tu, huku mama akiniona ndiye niliyemvunjia binti yake nyumba? Au ninyamaze, deni langu lifutwe kwa sheria ya nchi nyingine, kisha nibaki na mkopeshaji wangu peke yangu? Tafadhali usinishauri tuketi na wazee, kwa sababu wazee wa upande ule ndio wanaokunywa hayo maziwa. Nijibu mapema, kwa kuwa afisa aliyeniandikia anasubiri kusikia kama nina la kusema, na Jumapili hii tunatarajiwa tena kwa mama, sote wawili.

Msomaji wako,
Busia, Uganda