Barua kwa mpwa wangu: duara msirudie, kasi punguzeni

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Nakujibu hadharani kwa sababu watoto wetu wengi huku Marekani siku hizi wanavaa helmeti na kucheza futiboli ya Kimarekani, na wazazi wanakaa jukwaani kila Ijumaa usiku wakiumia bila kuelewa timu inazamia wapi.

Timu ya shule mnayoifundisha inafungwa, na wazazi wanataka mrudi kwenye duara: kila mpira ukisimama vijana wakusanyike, kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, awape maelekezo, ndipo wajipange. Unaniuliza kama mtindo wa kucheza bila duara muutupe. Hapana. Kinachowaua ni kasi ya kuanzisha mpira, nayo ipunguzeni wiki hii hii.

Faida ya mtindo wenyewe unaijua. Msipobadilisha wachezaji, mwamuzi halazimiki kuwasubiri wapinzani wabadilishe wa kwao. Lile pande la mtu la katikati ya ulinzi wao linabaki palepale, mikono kiunoni, linahema, na ninyi mmeshajipanga. Buffalo Bills, timu ya ligi kuu ya NFL, walijijengea enzi nzima hapo. Januari 1991 waliwachapa Raiders 51-3, kisha kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, wakafungwa na New York Giants 20-19. Watu wanakumbuka teke la mwisho la Scott Norwood wa Bills, ambalo lingewapa ushindi lakini likapita kulia mwa goli. Mimi nakumbuka saa. Giants walikaa na mpira dakika 40 na sekunde 33. Robo ya tatu shambulizi lao moja tu lilikula zaidi ya dakika 9, wanakokota yadi chache chache bila haraka yoyote. Thurman Thomas wa Bills alikimbia yadi 135 kwa kupewa mpira mara 15 tu. Alikuwa anawapasua, lakini muda mwingi yuko pembeni anatazama. Pamoja na hayo, kocha Marv Levy hakuuacha mtindo, na misimu mitatu iliyofuata timu yake ilirudi Super Bowl kila mwaka. Zote walipoteza, najua. Ila mtindo mbovu haukufikishi huko mara nne mfululizo.

Sasa tuje Philadelphia. Eagles, timu ya huko, walishinda mechi 4 mwaka 2012. Akaja kocha Chip Kelly kutoka Chuo Kikuu cha Oregon na kasi yake, 2013 wakashinda 10, na mbeba mpira wao LeSean McCoy akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,607 za kukimbia. Raha ilioje! Ilipofika 2015, McCoy ameshapelekwa Buffalo, wapinzani wameshauzoea ujanja, na kasi ni ileile. Dhidi ya Dallas walikimbia yadi 7. Saba, mechi nzima! Novemba waliruhusu pointi 45 kwa Tampa Bay, na siku nne baadaye wakaruhusu 45 nyingine kwa Detroit. Desemba 29 Kelly akafukuzwa, msimu umebakiza mechi moja.

Hebu tazama kinachotokea pembeni. Kotabeki anarusha, mpira unaanguka, saa inasimama. Anarusha tena, unaanguka. Mara ya tatu, hivyo hivyo, mnapiga teke la kuwaachia wapinzani mpira. Saa ya mchezo haijatembea hata dakika moja. Walinzi wenu, waliotoka uwanjani sasa hivi, hawajamaliza chupa ya maji na wanaitwa warudi.

Eagles walau walikuwa na walinzi wao na washambuliaji wao. Ninyi ni shule ndogo, vijana walewale wanacheza pande zote mbili. Ile kasi mnayodhani inawachosha wapinzani inawachosha watoto wenu kwanza, na hili ndilo linalonikera kuliko matokeo yenyewe. Mtoto aliyechoka hushusha kichwa anapokaba, na hapo ndipo shingo zinapoumia.

Kotabeki Peyton Manning alipokuwa na timu ya Indianapolis alicheza bila duara miaka na miaka, na mara nyingi bila haraka. Anafika kwenye mstari mapema, anatazama walinzi wamesimamaje, anabadilisha mpango kwa sauti na mikono, anaziacha sekunde anazopewa za kuanzisha mpira zishuke karibu ziishe. Mpinzani hathubutu kubadilisha wachezaji kwa sababu hajui mpira utaanza lini. Faida ileile, na walinzi wako wanapumzika.

Kwa hiyo mwambie kocha mkuu hivi. Bakini bila duara, lakini kotabeki atazame benchi kabla ya kuanza, na asianze mpaka apewe ishara. Kasi itumike mkishapata yadi kumi za kwanza, wapinzani wakiwa wanahema. Shambulizi likianzia karibu na mstari wenu wa goli, tembeeni. Na yule kijana wenu anayebeba mpira halafu anabaki kulinda pembeni, mtafutieni wa kumpokea, hata kama ni wa darasa la tisa na atapitwa mara mbili tatu. Wazazi wakipiga kelele, waambie waje waniulize mimi.

Mjomba wako