Barua kwa mwanangu: achana na "un peu" kwanza

Mwanangu,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu, Kifaransa kinaenda vizuri mashallah, ila nimeona kila kilicho kidogo kwako ni un peu, maji un peu, maziwa un peu, mafuta un peu. Kueleweka utaeleweka, lakini ukija huku Lyon ukaingia jikoni kwa mtu haitoshi, na mi sitaki uanzie pale nilipoanzia mimi.

Wiki ya kwanza tu kwa yule bibi ninayemhudumia, kabla ya chakula akaniomba un doigt de porto, porto ni mvinyo mtamu wenye kileo. Inaandikwa doigt inasomwa dwa, g na t hazitamkwi kabisa. Nikajua kasema kidole, sikuelewa kidole cha nini, nikamjazia nusu glasi na bibi wa watu ana dawa za presha. Hakunigombeza. Alichukua glasi tupu akalaza kidole chake cha shahada pale chini kwenye kitako, kwa nje, akasema mpaka hapa, yaani upana wa kidole kimoja basi. Akitaka pungufu ya hapo anaomba une larme, chozi.

Chai sasa, yeye anataka un nuage de lait. Nuage ni wingu, na ukitaka kujua kwa nini weka chai ya rangi kwenye glasi, tia maziwa kiduchu usikoroge, angalia yanavyoibuka kutoka chini yanatanda kama wingu la masika. Fanya leo leo, hutalisahau hilo neno maisha.

Kwenye saladi ni un filet d'huile, limetokana na fil, uzi, kwa hiyo mafuta yashuke membamba kama uzi. Une gorgée lisikusumbue, ni funda, limetoka kwenye gorge ambayo ni koo. Une goutte ni tone, na bibi akikosa miwani anasema je n'y vois goutte, haoni kitu, ni kama sisi tunavyosema sina hata tone.

Ila vijiko mwanangu, hapo nakuomba sana uwe makini. Cuillère à café ni kile kidogo, ml 5, cuillère à soupe ni kikubwa, ml 15, sasa ukichanganya kwenye dawa ya maji umempa mgonjwa dozi mara tatu. Mi kila chupa ya bibi nasoma mara mbili kabla sijafungua, na za matone nahesabu kwa sauti, une goutte, deux gouttes, na yeye anahesabu na mimi.

Kesho nitumie voisi ukiwa jikoni, umimine kweli halafu useme unachomimina, nataka nisikie na maji yenyewe. Nyanya yako mpe simu nimsalimie.

Mamako