Barua ya kukataliwa sio mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana kila Desemba ikikaribia simu zinaanza kuingia kutoka Kigoma na Uvira, ndugu wanauliza vipi huko, ule upepo uliobomoa nyumba zenu Desemba 2021 haujarudi? Alafu wanamalizia na lilelile, aah nyie si mko Marekani, serikali ilishawajengea. Hapo huwa nanyamaza. Leo nataka nijibu, maana wapo wetu waliokosa msaada wa serikali kwa sababu ya barua wasiyoisoma mpaka mwisho.

Mimi nimekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wazee wangu walitokea Fizi, Kongo, sasa tunaishi Bowling Green, Kentucky, mji ambao wakimbizi tupo wengi kweli, Wakongo, Wabosnia, watu wa Burma. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 11 Desemba 2021, saa saba na kitu, tonado, ule upepo mkali unaozunguka, ikapita katikati ya mji. Upepo ulifika kama kilomita 265 kwa saa. Kaunti yetu peke yake walifariki watu 17, kuna familia zimezika watoto. Usiku huohuo nyingine kubwa zaidi ikasambaratisha mji wa Mayfield, ikaangusha kiwanda cha mishumaa watu wakiwa ndani shifti ya usiku. Tahadhari ilikuja kwenye simu, ndio, lakini ilikuja kwa Kiingereza. Mama yangu alidhani simu imeharibika, akaizima akalala tena. Kambini jambo zito likitokea mtu anapita na kipaza sauti anasema kwa Kiswahili mpaka bibi wa mwisho kule ndani asikie.

Kulivyokucha ndo tukaona. Paa hazipo, miti imeng'oka na mizizi yake, umeme hamna na baridi ya Desemba hiyo. Watu wakaanza kupigilia turubai za bluu juu ya nyumba. Mama alisimama akaangalia turubai la jirani linavyopepea akasema, mwanangu tumerudi kwenye turubai, akakaa kwenye ngazi akalia. Aliishi chini ya turubai miaka mingi yule mama, nilikuwa sina la kumwambia.

Chakula kilikuja kwakweli sitaki kudanganya, makanisa yalipika, misikiti ilipika, Wabosnia wamebeba masufuria nyumba kwa nyumba, nguo zikaletwa mpaka zikakosa pa kuwekwa. Kilichotuumiza watu wetu ni makaratasi.

Baba mdogo alikuwa amepanga nyumba, ile ilibomoka. Aliomba msaada FEMA, lile shirika la serikali kuu la maafa, baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Mtoto wake wa darasa la tano akamsomea mstari wa juu, baba wamesema hustahili. Basi akaikunja akaweka kwenye droo, kwetu serikali ikishasema hapana wewe ni nani ubishane nayo. Kumbe ukurasa unaofuata ulikuwa unasema amekosa kuweka sahihi na hajaleta uthibitisho kwamba alikuwa anaishi pale, bili ya umeme ingetosha! Na kwamba ana siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa. Hilo tulikuja kusomewa na binti mmoja mkalimani pale kanisani, siku 60 zimeshapita. Alilala sebuleni kwetu na watoto wanne mpaka mwezi wa nne, na huku aliyekuwa anampangisha bado anamdai kodi ya mwezi uleule nyumba ilioondoka, na dhamana hakurudisha.

Na hakuwa peke yake. Wengine mkaguzi wa FEMA alipiga simu kwa namba wasioijua, hawakupokea, faili likafungwa. Wengine waliogopa kabisa kuomba wakidhani itaharibu makaratasi yao ya ukimbizi, wakati mkimbizi alikuwa anaruhusiwa kuomba na hata mpangaji anaruhusiwa, sio lazima nyumba iwe yako. Kuna waliotozwa pesa kujaziwa fomu jamani, fomu ambayo ni bure, na ukiomba mkalimani kwenye simu ya FEMA wanakupa bure.

Mimi naona dawa tunayo wenyewe tumeiacha kambini. Nyarugusu kila zoni ilikuwa na kiongozi wake, anajua nani mjane, nani hajui kusoma, nani kaumwa, tangazo likitoka analipeleka mlangoni. Hapa kila mtu na apatimenti yake amefunga mlango, tunaonana kwenye harusi na misiba. Tuchague kila jengo mtu mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, barua yoyote ya maafa isomwe YOTE mpaka ukurasa wa mwisho kabla haijaingia droo, na simu ikilia ule mlio wa tahadhari usiku yeye ndo agonge milango, watu washuke chini, waingie bafuni au chumba cha katikati kisicho na dirisha. Jengo letu tumeshaanza, ni mama mmoja muuguzi, wala hatumlipi, watoto wetu wanamsaidia kufagia theluji.

Mhariri, ombi langu ni moja, hii ya siku 60 na ya kusoma mpaka mwisho uichape kwa herufi kubwa. Nikiongea mimi wazee wananiona mtoto, lakini kilichoandikwa gazetini watakipiga picha watatumiana kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia hapa mpaka Uvira, na ndugu mwenye mtu wake huku atampigia amuulize, ile barua yako umeisoma yote?

Mkazi wa Bowling Green,
Kentucky, Marekani