Ziwa tumelifunga, vifaranga wa kigeni wanapita getini

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nakuomba usinikate sana maana mimi nikianza habari za ziwa huwa sijui kufupisha.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa na migebuka hapa Ujiji, mzigo nautoa mialo ya Kibirizi na Katonga naupeleka Tabora, mwingine unasogea mpaka Dodoma. Kwa hiyo lile zoezi la kufunga uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, lilinigusa mfukoni moja kwa moja, mtu asije akaniambia mimi naongea kwa sababu sijaumia. Miezi mitatu chanja zimekaa tupu, akina mama wanaoanika wakahamia kwenye maandazi na mihogo, vijana wa mitumbwi wengine wakapanda treni kwenda kutafuta vibarua, na sokoni tukaletewa dagaa wa Mwanza ambao mtu wa Kigoma ukimwekea kwenye sahani anawageuza geuza kwanza na kidole kuangalia mchanga ndo aulize bei. Tulilalamika sana na mimi nilikuwa mstari wa mbele kulalamika. Ila naunga mkono kufunga, na nitaendelea kuunga mkono, kwa sababu ziwa moja linavuliwa na nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, kila usiku wa giza taa za sola zimetapakaa kule ndani mpaka unadhani kuna mji, halafu tunashangaa mbona mgebuka siku hizi saizi ya kalamu.

Ishu yangu ni nyingine kabisa. Uvuvi uliozidi una dawa, dawa ni chungu lakini ipo. Dagaa wetu ni samaki wa haraka, haumalizi mwaka kashakua na kashazaa, ukimpumzisha anarudi. Nyavu haramu unaikamata unaichoma. Lakini samaki mgeni akishaingia majini akazaa, au gugu geni likishashika ufukweni, hapo hata ufunge ziwa miaka kumi huwezi kumtoa, na kwenye hili naona hatuna mlinzi, tumeweka nguvu zote kwa mvuvi na nyavu yake.

Nitatoa mfano niliouona kwa macho. Nilikuwa natoka Tabora narudi Kigoma, nimekaa mbele kwenye Fuso, nyuma nina madumu yangu ya asali. Tukasimamishwa kwenye geti moja la ukaguzi, sitalitaja. Jamaa wakapanda juu, wakafungua kila dumu, wakachoma fimbo kwenye magunia ya watu, wanatafuta nyamapori, unajua tena ukitokea upande wa hifadhi ya Ugalla kila mtu ni mshukiwa. Sina ugomvi nao, nyara ya serikali ni nyara ya serikali, na sheria ya wanyamapori ya 2009 kila mtu huku anaiogopa, wapo waliofungwa kwa kipande cha nyama kavu. Sasa pembeni ya madumu yangu kulikuwa na kijana ana maboksi, ndani mifuko ya nailoni imejazwa maji kidogo na hewa imevimba kama mto wa kulalia, vifaranga wa samaki kibao wanazunguka humo. Askari akachungulia, akauliza hii nini, kijana akasema samaki wa kufuga bosi, natoa Mwanza napeleka bwawani. Askari akacheka, akamwambia wakikua uniletee kitoweo, akashuka. Hakuna kibali kilichoulizwa wala jina la samaki, wala hilo bwawa liko wapi na maji yake yakifurika yanaelekea wapi.

Nilimuuliza mimi mwenyewe njiani. Bwawa lake liko ng'ambo ya Nguruka, jirani na mbuga ya mto Malagarasi. Kijana mzuri tu, mchapakazi, amekopa hela, hana nia mbaya hata kidogo. Ila masika ikija vizuri kingo za mabwawa kama yale ni udongo, zinapasuka, na hapo samaki wa Mwanza wameshaingia mtoni. Swala mmoja akiuawa Ugalla amekufa swala mmoja, tena mbaya, lakini ule mfuko mmoja wa nailoni unaweza kuua aina nzima ya samaki ambayo haipo kwingine kokote duniani, na aliyeubeba akashuka stendi anapiga mluzi.

Na nikisema aina nzima sitishi watu. Bonde la Malagarasi lina samaki wa jamii ya perege anaitwa karomo, duniani kote yuko huku kwetu tu, na wanasayansi wameshamuweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Sababu mojawapo ni hao hao ndugu zake wa kuletwa, kama sato, wanagombania chakula na mazalia, na kibaya zaidi wanazaliana naye, kwa hiyo karomo hafi kwa kuliwa, anayeyuka taratibu, wavuvi wanaendelea kuvua perege na kuuza na hakuna anayejua kwamba yule wa asili ameisha. Watoto wetu shuleni wanafundishwa sokwe wa Gombe na Mahale, safi sana, nimewahi kuwapeleka wangu Gombe, lakini karomo nani anamjua? Hata hapa Ujiji ukiuliza watu kumi sidhani kama utapata wawili.

Najua wafugaji wataniambia sato si mgeni, yumo Tanganyika tangu zamani. Kweli, sato yumo kwa asili kule kaskazini mwa ziwa na mto Ruzizi. Lakini kuwepo Ruzizi si kuwepo Malagarasi, na huyo sato wa kufugwa vizimbani si yule wa Ruzizi, ni koo zilizochaguliwa na kuzalishwa mbali ili akue fasta na anenepe. Kwenye ziwa lenyewe tuna ngege wa Tanganyika, wa kwetu kabisa, mtamu, kwa nini asifugwe huyo? Jibu ninalopewa kila siku ni kwamba vifaranga wake hawapatikani. Hawapatikani kwa sababu hakuna aliyewekeza kuwazalisha, basi, TAFIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa hapa Kigoma, wapewe hela wafanye hiyo kazi.

Wengine wananiambia mbona sangara ameitajirisha Mwanza. Ameitajirisha, sikatai, viwanda vimejengwa, minofu imepanda ndege kwenda Ulaya, watu wamejenga magorofa. Lakini semeni na upande wa pili. Sangara alimwagwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya kama hayupo, watu wakasahau, ilipofika miaka ya 1980 akalipuka, na furu, wale samaki wadogo waliokuwa wanalisha familia maskini bila leseni wala kiwanda, inakadiriwa aina kama 200 zikapotea. Uchafu wa maji nao ulichangia, lakini sangara ndiye aliyekula. Miaka 20 na zaidi kabla ya kuona madhara, hapo ndo napoogopa, maana kiongozi anayesaini kibali leo siku hesabu inafika atakuwa kastaafu yuko shambani kwake anakula pensheni.

Tanganyika sasa ndo usiseme. Ziwa lenye miaka mamilioni, kina chake kinafika kama mita 1,470, hakuna ziwa Afrika linalolifikia, Victoria mita 80 na kitu tu. Samaki wa jamii ya perege peke yao, wengi wao wa kwenye mawe, hawa wanaouzwa nje kama samaki wa mapambo, wako zaidi ya aina 200 na karibu wote hawapo popote nje ya ziwa hili, tena unakuta aina moja rangi yake ukiiona kwenye mwambao huu, ukisogea na mtumbwi ukavuka kipande cha mchanga ukafika mawe mengine rangi imebadilika. Kitu kama hicho kikiharibika hutakiagiza kutoka kwa jirani.

Na mi sisemi kila samaki wa kuhamishwa ni balaa. Lumbu wetu, huyu dagaa mkubwa mkubwa, alichukuliwa huku kwetu akapelekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, halafu Kariba mwaka 1967 na 1968, na mpaka leo Zambia na Zimbabwe wanamla wanamuita kapenta, amewasaidia. Ila Kariba ni bwawa la kutengenezwa na binadamu, katikati kulikuwa hakuna samaki wa kuishi kwenye maji ya kina, walikuwa wanajaza nafasi tupu. Sisi nafasi tupu tunayo wapi?

Tuje kwenye magugu, maana wenzetu wa Mwanza yamewatesa. Gugu maji lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, lilishuka na mto Kagera. Wakahangaika nalo kwa mapanga na mikono mpaka walipoleta wadudu jamii ya fukusi kutoka Amerika Kusini huko huko gugu lilikotoka, miaka ya 1990, ndo likapungua, halikuisha. Mwanzoni mwa 2025 likaja jingine la aina tofauti, vivuko vya Kigongo na Busisi vikawa vinahangaika kupita, abiria wanakaa masaa. Kagera vyanzo vyake viko Rwanda na Burundi. Malagarasi nao unaanzia wapi? Mpakani huko huko na Burundi. Halafu fikiria wavuvi wanaohama, mtu anavua Mwanza, samaki wakipungua anapakia mtumbwi na injini na nyavu kwenye lori, anashuka Kibirizi, keshokutwa yuko majini. Ile nyavu imekunjwa ikiwa mbichi, humo ndani kuna vipande vya magugu, mayai ya konokono, sijui vidudu gani. Hakuna anayemwambia kaka, anika hiyo nyavu mpaka ikauke kabisa, osha huo mtumbwi kabla haujagusa maji yetu. Leseni anaulizwa, ushuru anaulizwa hata mara mbili, lakini hilo la kuosha na kukausha, ambalo halina gharama yoyote, halipo kwenye midomo ya wakaguzi.

Na watu wa Tabora msijione mko mbali. Mto Ugalla unaingia Malagarasi, Malagarasi unaingia Tanganyika. Ugalla ilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2019, wavuvi na warina asali wa Urambo, Kaliua na Sikonge waliokuwa wanaingia kwa msimu na kibali walitolewa nje, na wengi mpaka leo roho zinawauma. Sasa mtu anayemuona mrina asali kuwa ni hatari kwa hifadhi anaachaje bwawa la samaki wa kigeni juu ya mto unaopita katikati ya hifadhi hiyo hiyo? Samaki hasomi bango la hifadhi.

Sheria si kwamba haipo. Ule mkataba wa nchi nne wa Ziwa Tanganyika, uliosainiwa Dar es Salaam Juni 2003, unazitaka nchi wanachama zizuie viumbe wa kigeni kuingizwa ziwani na kwenye bonde lake, iwe makusudi au bahati mbaya. Bonde lake, maana yake Malagarasi imo, Ugalla imo, mto Luiche hapa mjini umo. Mamlaka ya ziwa ipo Bujumbura kwa ajili hiyo. Kufunga ziwa kumepata matangazo, mikutano, mawaziri, vipaza sauti. Hiki kipengele kingine hata kipeperushi sijakiona pale Kibirizi.

Ninachoomba ni kidogo. Vizimba vikija Tanganyika, na vinakuja maana kila kikao tunaambiwa ndo mbadala wetu ziwa likifungwa, wasipewe watu vifaranga kutoka nje ya bonde. Mabwawa ya Malagarasi na Ugalla vilevile, na yule kijana wa Nguruka asipigwe faini bali abadilishiwe mbegu bure, kwa sababu alikopa kwa kusikiliza wataalamu wa serikali wenyewe waliompigia debe la ufugaji. Yale mageti ya nyamapori yaongezewe kazi ya kuuliza kibali cha samaki hai. Na BMU, vikundi vya usimamizi wa mialo, ambazo zinajua kila mtumbwi mgeni unaoshuka, zipewe nguvu ya kuuzuia nchi kavu mpaka ukauke. Hela ya haya yote haifiki hata ile ya mafuta ya boti za doria.

Na kabla ya kufunga ziwa tena, wizara ibandike kwenye mialo yetu orodha ya vibali vya vizimba, vya nani, samaki gani, na vifaranga wametoka wapi. Biashara yangu kipindi hicho itakuwa imesimama, nafasi ya kuisoma orodha yote ninayo.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Ujiji, Kigoma