Kwa dada yangu, kuhusu shingo ya baba

Dada, shikamoo.

Siku hizi tunasalimiana kwenye kikundi cha ukoo tu, kama wapangaji wa nyumba moja.

Ile jioni ya matanga pale Uyole haijanitoka. Ulitoka stoo umeshika barakoa ya baba, ile ya plastiki yenye matundu waliyomtengenezea Dar ili asitikisike kwenye mashine ya mionzi ya saratani. Pua yake imo, kidevu chake kimo. Ukasema mbele ya wajomba: "Mlimchoma tezi zote kwanza, dawa ya kinga niliyonunua ingefanya kazi na nini?" Shangazi aliyekuwa akimenya viazi akasimamisha kisu. Nami nikanyamaza.

Tangu hapo nimesoma, na sitakuficha: una kweli. Tezi za limfu za shingoni ndiko chembe za kinga zinakofundishwa kuitambua saratani, na mionzi huziua chembe hizo upesi sana. Ndiyo maana wapo madaktari wanaotaka dawa ya kinga, ile inayoziamsha chembe hizo zipigane na saratani, itangulie. Mwaka 2025 Marekani waliidhinisha pembrolizumabu, mojawapo ya dawa hizo, ianze kabla ya kisu, kwa baadhi ya saratani za kichwa na shingo zinazoweza kukatwa.

Ya baba haikuweza kukatwa, dada. Mwaka 2022 tuliambiwa vipindi 35 vya mionzi pamoja na sisplatini, dawa ya kemo, kwa wiki saba, ndiyo njia ya kumponya. Hata waliojaribu kuongeza avelumabu, dawa nyingine ya kinga, juu ya tiba hiyohiyo, majibu yao ya 2021 hayakuonyesha faida. Sasa ningesubiri nini? Usiku alikuwa anakabwa, namlaza kwa mito mitatu.

Ulipotuma pesa ya nivolumabu, ile dawa yako ya kinga, saratani ilikuwa imesharudi, miezi minne tu tangu sisplatini. Na utafiti wa 2016 ulioipa dawa hiyo jina ulifanywa kwa watu wa namna yake hasa: saratani imerudi ndani ya miezi sita baada ya dawa za jamii ya sisplatini, na wengi wao walishapigwa mionzi. Mwaka ulipopita, waliopewa nivolumabu walikuwa hai kama 36 katika 100. Waliopewa dawa nyingine, kama 17. Kwa hiyo si mimi niliyefunga mlango. Ila uvimbe ulisinyaa kwa watu 13 hivi tu katika 100, na baba hakuwamo.

Pesa yako haikuliwa bure. Baada ya dozi ya pili alimaliza kikombe kizima cha uji, akaniuliza, "Dada yako ameshakula huko?"

Mtu akikuuliza, mwambie atunze karatasi zake: tarehe za mionzi, siku ya sisplatini ya mwisho. Daktari huzitazama kabla ya kuchagua dawa. Mimi nilizitunza. Bahasha ya kaki niliipakata kutoka Mbeya, Kitonga nzima tunateremka sijaiachia. Hilo hukuniuliza.

Barakoa nimeirudisha msumarini, juu ya magunia ya mahindi. Mama anataka ichomwe. Nimemwambia asubiri mpaka uje.