Maji hupaa, chumvi hubaki

Dar es Salaam

Swahiba,

Salamu za masika. Mvua imetufungia ndani tangu juzi, nimekaa mbele ya tangi langu la samaki wa baharini nikakumbuka ujumbe wako: samaki wako wamezubaa, wanahema harakaharaka, na maji ni safi, maangavu. Chumvi umepima? Na umepima kwa kifaa gani?

Nauliza kwa sababu mwaka jana yalinikuta. Tangi langu la lita 120 lilikuwa likipungua kama lita moja kila siku kwa joto la huku, nami najazia maji ya bahari ya Kunduchi, najiona fundi. Kumbe kinachopaa ni maji tu. Kila lita niliyojazia ilikuwa chumvi juu ya chumvi. Wiki mbili, kutoka 35 (gramu za chumvi katika kila kilo ya maji, kama baharini) ikafika 39. Haidromita yangu ya mshale, ambayo mshale wake huinuka kadiri chumvi inavyozidi, ikawa inasema 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu), kiasi cha kawaida cha bahari, mambo shwari. Nilipoisuuza ndipo nikaona mshale umeshika ukoko mweupe, umekuwa mzito, hauinuki.

Siku hizi nina rifraktomita, kidude cha kuchungulia kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga. Unainua kifuniko, unadondosha matone mawili, unafunika bila kuacha kipovu, unasubiri nusu dakika, kisha unaielekeza kwenye mwanga na kusoma pale bluu inapokutana na nyeupe. Nayo usiiamini hivihivi. Nilikwenda kwa sonara wa mtaani akanipimia chumvi ya mezani gramu 36.5 (alinitazama kama mchawi), nikaikoroga katika gramu 963.5 za maji yaliyokenekwa. Hayo lazima yasome 35, si 36.5, maana chumvi ya mezani hupinda mwanga kidogo kuliko ya bahari. Yasiposoma, zungusha ile skrubu ndogo ya juu mpaka yasome.

Bandika selotepu kwenye kioo, usawa wa maji. Yakishuka, jazia maji yasiyo na chumvi wala klorini. Ya bahari yangoje siku ya kubadilisha. Na kipindi hiki usichote maji ya bahari hapo kwenu Raskazone, Tanga, mvua ikitoka kunyesha, maji ya juu yanakuwa yamezimuliwa.

Ukikuta imepanda, usiishushe kwa pupa, utawaua. Mimi nilitoa lita 3 na kurudisha lita 3 za maji matamu, siku 4 mfululizo, ikarudi 35 na ushei.

Nitumie namba utakayoipata. Ya mshale sitaki kuisikia.

Wako wa siku zote